Mota Inapofunga Breki, Umeme Huenda Wapi?

Kuna swali ambalo watu wanaounda mitambo midogo ya mota hawachoki kuliuliza: kwa nini kidhibiti kimeungua wakati mota ilipokuwa inasimama, ilhali kilivumilia mzigo mzito asubuhi nzima? Kidhibiti, ambacho wauzaji wengi hukiita kontrola, ni bodi ya elektroniki inayokaa kati ya chanzo cha umeme na mota, ikiamua mota ipewe umeme kiasi gani na izunguke upande gani. Mtu akikipima kabla ya kukifunga, huangalia kama kitahimili kuvuta. Huuliza ni ampia ngapi, ni wati ngapi, kitachemka au hakitachemka. Ni wachache wanaouliza kitafanyaje mzigo ukianza kuivuta mota badala ya mota kuuvuta mzigo, na hapo ndipo vidhibiti vingi hufia.

Mahali pazuri pa kulifikiria swali hili ni Warwick Junction, mjini Durban. Ni makutano ya reli, mabasi, teksi na masoko tisa yaliyoshikana, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba takriban watu 460,000 hupita hapo kila siku. Soko la dawa za asili limekaa juu ya kipande cha barabara kuu ya angani ambacho hakikuwahi kukamilika, na madaraja ya waenda kwa miguu yanaliunganisha na stesheni ya Berea na masoko ya chini. Katika Early Morning Market, soko la mazao lililo kwenye jengo lake tangu 1934, mizigo hutolewa ghalani alfajiri na kurudishwa jioni kwa matoroli, na wanaoyasukuma ni watu wenye kazi hiyo tu. Matoroli hayo huenda kwa nguvu za mikono. Kwa kuwa mota za magurudumu za baiskeli za umeme sasa zinapatikana kwa urahisi, hakuna ajabu mtu akiwaza kulitia mota toroli la namna hiyo, kama wengine wanavyowaza juu ya mikokoteni ya Kariakoo na Mombasa. Akiwaza hivyo, mara moja atafikiria pia kwamba likiteremka litajichaji lenyewe.

Hoja ya sura hii inakwenda kinyume na wazo hilo la mwisho. Kwenye treni, umeme unaorudi wakati wa breki ni mali. Kwenye mtambo mdogo thamani yake ni ndogo mno, lakini hatari yake ni kubwa kuliko ukubwa wa mtambo. Anayeunda mtambo mdogo hana budi kuutafutia umeme huo pa kwenda kabla hata hajachagua mota.

Mota na jenereta ni kitu kimoja

Ndani ya mota mna nyaya zilizosukwa na sumaku. Ukipitisha umeme kwenye nyaya, mhimili unazunguka. Ukiuzungusha mhimili kwa nguvu ya nje, umeme unatoka kwenye nyaya. Mota ya umeme wa DC, yaani umeme unaotiririka upande mmoja kama wa betri, na hata mota zisizo na brashi zinazotumika kwenye baiskeli za umeme, zote zina tabia hii. Jenereta haihitaji kuongezwa kiungo chochote, kwa sababu ni mota ileile kazi yake ikiwa imegeuzwa. Toroli likiwa kwenye mwendo, na kidhibiti kikaamrishwa kupunguza mwendo huo haraka, nguvu iliyomo katika mzigo unaokwenda inaingia mhimilini, inageuka umeme, inapita kidhibitini na kurudi ilikotoka. Hii ndiyo breki ya umeme inayorudisha nishati.

Hapa msomaji makini ana pingamizi, nalo ni la haki. Mota iliyotengenezewa volti 24 ikizunguka kwa nusu ya mwendo wake hutoa takriban volti 12 tu. Volti 12 haziwezi kusukuma umeme kuingia kwenye betri ya volti 24, basi zitawezaje kupandisha volti za kidhibiti hadi 50 au 60? Kama mota ingeunganishwa moja kwa moja na betri, pingamizi hili lingekuwa sahihi kabisa. Lakini kati yao kuna transista, swichi za elektroniki zinazowasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Wakati wa breki, transista huzifunga nyaya za mota zenyewe kwa zenyewe kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na mkondo unakua ndani ya nyaya. Kisha transista hufunguka. Nyaya zilizosukwa zina tabia ya kukataa mkondo wake kukatwa ghafla, kwa hiyo husukuma mkondo ule uendelee kwa volti yoyote itakayohitajika. Kama mbele kuna volti 24, utasukumwa kwa volti 24 na zaidi kidogo. Kama mbele kuna volti 40, utasukumwa kwa volti 40. Kidhibiti kinachofunga breki, kwa maneno mengine, ni mashine ya kupandisha volti hata kama hakuna aliyekiunda kwa nia hiyo. Mwendo mdogo wa mota haumlindi mtu.

Hesabu ya toroli moja

Tuchukue toroli ambalo pamoja na mzigo wake lina kilo 200, likienda mita 1.5 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Nishati iliyomo katika mwendo huo ni juli 225. Juli ni kipimo cha nishati, na wati moja ni juli moja kwa sekunde, kwa hiyo juli 225 zingewasha taa ya wati 10 kwa sekunde 22 hivi. Sehemu fulani itapotea katika magurudumu, gia na joto la mota. Tuseme asilimia 60 inafika kidhibitini, yaani juli 135.

Zinaingia wapi? Kwenye mlango wa kidhibiti huwa kuna kapasita, kifaa kinachoshika umeme kidogo ili volti zisiyumbe. Kapasita ya kawaida kwenye kidhibiti kidogo ni ya mikrofaradi 1,000. Kwa volti 24, kapasita hiyo imeshika juli 0.29. Ikipandishwa hadi volti 50, itashika juli 1.25. Nafasi iliyobaki, basi, haifiki hata juli moja, na mzigo unaokuja ni wa juli 135. Ni kukinga kikombe cha kahawa chini ya bomba la zimamoto. Ukiifuata hesabu hadi mwisho, kapasita ile ingetakiwa kufika zaidi ya volti 500 ili kuzipokea juli zote, na bila shaka haitafika huko. Transista nyingi za vidhibiti vya volti 24 zimetengenezewa ukomo wa volti 60 au chini yake, na kapasita nyingine ukomo wake ni 35. Kitu kitakufa njiani, ndani ya muda mfupi sana, na mtumiaji atakachokisikia ni mlio mmoja tu.

Na hapo toroli lilikuwa linasimama kwenye sakafu tambarare. Mteremko ni jambo jingine kabisa. Tuchukue njia ya mteremko yenye urefu wa mita 12 inayoshuka mita 1, kipimo cha kawaida kwa njia za viti vya magurudumu na matoroli. Kilo 200 zikishuka mita 1 huachia juli 1,962. Magurudumu yakila sehemu yake, na mota pia, karibu juli 1,000 zitafika kidhibitini. Toroli likishuka kwa mita 1 kwa sekunde, hizo ni wati 80 zikimiminika kwa sekunde 12 mfululizo. Breki ya kusimama ni pigo moja fupi. Breki ya mteremko haikomi hadi mteremko uishe. Vifaa vinavyofaa kwa la kwanza mara nyingi havifai kwa la pili, na mtu akichanganya haya mawili, mtambo wake utafaulu majaribio ya karakana na kuungua darajani.

Kwa kifupi hadi hapa: mota ikifunga breki ni jenereta, kidhibiti huweza kupandisha volti hata mwendo ukiwa mdogo, na kapasita iliyomo ni ndogo kuliko nishati inayorudi kwa zaidi ya mara mia.

Reli ya Natal ililikuta tatizo hili karne iliyopita

Reli inayopita Berea ni sehemu ya njia kuu ya Natal, inayopanda kutoka baharini kwenda Pietermaritzburg, ulio zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kuendelea hadi bara. Katikati ya miaka ya 1920 kipande cha njia hiyo kati ya Glencoe na Pietermaritzburg kilitiwa umeme wa DC wa volti 3,000, na kituo cha kuzalisha umeme kikajengwa Colenso kando ya mto Tugela. Waya zilifika Durban miaka ya 1930. Injini za kwanza za umeme za njia hiyo, zinazojulikana kama Class 1E, zilitokana na kampuni ya Metropolitan-Vickers ya Uingereza, na miongoni mwa sababu zilizofanya umeme uonekane unafaa kwa milima ya Natal ni kwamba treni inayoshuka iliweza kurudisha umeme kwenye waya.

Hesabu yake ilikuwa ya kuvutia. Kila tani moja inayoshuka mita 600 huachia nishati ya takriban yuniti 1.6, zile yuniti tunazonunua kwa ajili ya mita ya nyumbani. Treni ya tani 1,000 ina yuniti 1,600 kichwani mwake kabla haijaanza kuteremka. Hata nusu ikipotea, zinazobaki ni mali halisi, na mabreki ya chuma hayachakai wala kuchemka kwa kushikiliwa kilomita nyingi.

Lakini wahandisi wa reli walijua mapema kwamba umeme unaorudi lazima upate wa kuutumia. Kama kuna treni nyingine jirani inayopanda, umeme wa inayoshuka unaingia humo. Kama hakuna, volti za waya zinaanza kupanda, na zikifika kiwango fulani injini inayoshuka haina budi kuacha kurudisha umeme na kutegemea breki nyingine. Njia mojawapo ya kukwepa hali hiyo ni kituo cha kugeuza umeme kiweze kuupokea na kuurudisha kwenye gridi. Mitambo ya zamani, yenye mota na jenereta kwenye mhimili mmoja, iliweza kufanya kazi upande wowote: umeme ukija kinyume, jenereta inageuka mota. Baadaye duniani kote mitambo hiyo ilianza kupisha virekebishi, vifaa vinavyogeuza umeme wa gridi kuwa DC bila kitu kinachozunguka. Virekebishi vilikuwa na ufanisi zaidi, ila vya kawaida hupitisha umeme upande mmoja tu, na reli zilizotaka kuendelea kupokea umeme unaorudi zililazimika kuongeza kifaa kingine kwa kazi hiyo.

Badiliko hilohilo limetokea kwenye meza ya fundi, ingawa halizungumzwi sana. Betri ya gari ni kama kituo cha zamani: umeme unaingia na kutoka. Pawa saplai ya kisasa, ile nyepesi ya kuchomeka ukutani inayotoa volti 24, ni kama kirekebishi: inatoa, haipokei. Umeme ukirudi kwake haurudi ukutani. Unajazana kwenye kapasita hadi pawa saplai ijizime kwa kujilinda, au iharibike, au kidhibiti kiharibike kabla yake. Mtu aliyejaribu mota yake kwa betri ikafanya kazi vizuri, kisha akaifunga kwenye pawa saplai yenye volti zilezile na ampia nyingi zaidi, ameondoa kitu ambacho hakujua alikuwa anakitegemea.

Betri inameza, isipokuwa imeshiba

Kwa hiyo jibu rahisi kwa toroli la Warwick lingekuwa betri, na kwa kiasi kikubwa ni jibu zuri. Wati 80 kwenye volti 24 ni ampia 3 na kidogo, kiasi ambacho betri ya ampia-saa 20 hukipokea bila shida. Hata pigo la breki ya ghafla, la wati 200 au 300 kwa sekunde moja, si kitu kikubwa kwake.

Shida ni asubuhi. Toroli limelala kwenye chaja usiku kucha, betri imejaa hadi mdomoni, na safari ya kwanza ni ya kuteremka kutoka ghalani. Betri za lithiamu huja na bodi ya ulinzi, saketi ndogo inayopima kila seli na kukata umeme usiingie seli yoyote ikivuka kikomo chake. Bodi hiyo inafanya kazi yake kwa uaminifu: inaona umeme unaingia kwenye betri iliyojaa, inakata. Kwa mtazamo wa betri, hatari imeondolewa. Kwa mtazamo wa kidhibiti, mpokeaji pekee ametoweka katikati ya mteremko, mota bado inasukuma, na kilichobaki ni ile kapasita ya mikrofaradi 1,000. Kifaa cha usalama cha upande mmoja kimeua kifaa cha upande mwingine. Hali hiyohiyo yaweza kuipata pikipiki ya umeme iliyobadilishiwa betri kituoni juu ya kilima cha Kigali: betri mpya imejaa, na njia yote mbele ni mteremko.

Betri za asidi ya risasi hazina bodi ya namna hiyo, kwa hiyo hazikati ghafla, ila zikijaa volti zake hupanda haraka na huanza kutoa gesi. Zinasamehe zaidi, ndiyo maana mitambo mingi ya zamani iliishi bila mtu kulifikiria jambo hili.

Tiba ya kwanza haigharimu kitu. Chaja ipangwe isijaze betri kabisa, iishie asilimia 85 au 90, ili pabaki nafasi ya mteremko wa kwanza. Lakini tiba hii inategemea nidhamu ya kila siku, na siku moja mtu ataazima chaja nyingine. Haitoshi peke yake.

Faida ni ndogo kiasi gani?

Wapo watakaosema kwamba hata hivyo umeme unaorudi unaongeza safari, na kuutupa ni hasara. Tuupime. Juli 1,000 za mteremko mmoja ni wati-saa 0.28. Betri ya volti 24 na ampia-saa 20 ina wati-saa 480. Toroli likishuka mteremko ule mara 100 kwa siku, litakuwa limerudisha wati-saa 28, chini ya asilimia 6, na hapo hatujatoa upotevu wa kuingia na kutoka betrini. Mara 20 kwa siku, idadi iliyo karibu zaidi na kazi halisi, ni kama asilimia 1. Kuongeza upepo kwenye tairi kungeleta zaidi. Tofauti kati ya toroli na treni ya Natal iko kwenye kimo na uzito: mita 1 dhidi ya mita 600, kilo 200 dhidi ya tani 1,000. Faida hupungua kadiri hivyo viwili vinavyopungua, ilhali transista ya volti 60 hufa kwa juli chache tu bila kujali kama nyuma yake kuna treni au toroli.

Ndiyo maana, kwa mitambo midogo, naona ni kosa kuianza kazi kwa kuuliza jinsi ya kuvuna. Betri ipokee inachoweza, na kinachozidi kiwe na mahali pa kuchomwa.

Rezista ya breki

Mahali hapo ni rezista, kipande cha waya au kaboni kinachogeuza umeme kuwa joto. Treni nyingi hubeba rezista za namna hii juu ya paa au chini ya sakafu. Kwenye mtambo mdogo, rezista huunganishwa kupitia transista ya ziada. Saketi inapima volti muda wote, zikivuka kiwango kilichowekwa, transista inawaka na umeme unapita kwenye rezista, zikishuka, inazima. Vidhibiti vya bei ya juu huwa na sehemu ya kuchomekea rezista hiyo. Vya bei ndogo havina, lakini zipo bodi ndogo za kujitegemea zinazofanya kazi hiyohiyo na huwekwa mlangoni mwa kidhibiti.

Kupanga kiwango cha kuanzia kunahitaji akili. Betri ya lithiamu ya seli 7, inayouzwa kama betri ya volti 24, ikijaa ina volti 29.4. Ukiweka rezista ianze kwenye volti 28, itaanza kula betri yenyewe mara tu ikijaa, toroli likiwa limesimama, hadi rezista iwe nyekundu. Ukiiweka volti 40 na kapasita ina ukomo wa 35, umechelewa. Kiwango lazima kikae juu ya volti za juu kabisa za betri na chaja, na chini ya volti za kifaa dhaifu kuliko vyote. Kwa mfano wetu, volti 31 na kidhibiti chenye vifaa vya volti 50 au 60 vinaacha nafasi ya kupumua pande zote mbili. Mtu akikuta kidhibiti chake kina kapasita za volti 35, ni afadhali azibadilishe au anunue kingine kuliko kujaribu kupenya katika nafasi hiyo nyembamba.

Ukubwa wa rezista nao una sura mbili. Ya kwanza ni pigo: lazima iweze kupitisha wati nyingi kuliko breki kali kuliko zote. Rezista ya omu 3 kwenye volti 31 hupitisha takriban ampia 10, sawa na wati 320, na hiyo inatosha kulisimamisha toroli letu kwa sekunde moja. Omu zikiwa nyingi zaidi, umeme hautatoka kwa kasi ya kutosha na volti zitaendelea kupanda ingawa rezista imewaka. Zikiwa chache mno, mkondo utaiunguza transista inayoiwasha. Sura ya pili ni joto la muda mrefu. Wati zilizoandikwa kwenye ganda la rezista ya alumini hudhani kwamba imefungwa kwa skrubu kwenye bamba la chuma linalopoza. Ikining'inia hewani ndani ya sanduku la plastiki, rezista ya wati 100 haina hata nusu ya uwezo huo. Kwenye toroli, fremu yenyewe ni bamba zuri, mradi rezista iwe mahali ambapo mkono wa mtu na gunia la kabichi havitaigusa.

Njia za mkato ambazo huonekana kutosha

Mapendekezo mengine husikika sana, na baadhi yana kazi yake, ila kila moja hudaiwa zaidi ya linavyoweza.

- Kapasita kubwa zaidi. Ili juli 135 zisipandishe volti kutoka 24 kupita 30, inahitajika zaidi ya faradi 0.8, yaani mikrofaradi 830,000. Kuongeza kapasita mbili tatu husaidia kutuliza umeme, hakubadilishi hatima yake.
- Dayodi ya kuzuia umeme usirudi. Dayodi hupitisha umeme upande mmoja. Ikiwekwa baada ya pawa saplai, inailinda pawa saplai vizuri. Kidhibiti, hata hivyo, kinabaki peke yake na umeme wote, na volti zake hupanda haraka zaidi kuliko awali. Dayodi ina maana ikiwa nyuma yake kuna rezista ya breki.
- Dayodi ya kukata miruko ya volti. Hii imetengenezewa pigo la muda mfupi mno. Ile inayoitwa ya wati 1,500 huhimili wati hizo kwa takriban elfu moja ya sekunde, ambazo ni juli moja na nusu. Ni mlinzi mzuri wa mwisho, si mpokeaji.
- Kupunguza mwendo taratibu. Hili ni pendekezo bora kuliko yote kwenye sakafu tambarare. Mtambo ukisimama polepole, msuguano hula sehemu kubwa ya nishati na kinachorudi ni kidogo au hakuna. Mashine za kukata na za kuchora zinaweza kuishi kwa hili pekee. Kwenye mteremko halisaidii, kwa sababu mzigo haukubali kusubiri.

Kuna pia wanaosema wametumia kidhibiti cha bei ndogo mwaka mzima bila rezista na hakijaungua. Wanasema kweli, na sababu yake huwa mojawapo ya chache zinazojulikana: betri yao haijawahi kujaa kabisa wakiwa mlimani, au gia yao ni ya aina ya skrubu ambayo mzigo hauwezi kuizungusha kinyume, au kidhibiti chao hakifungi breki kabisa bali huiachia mota izunguke huru. Mtambo wao ni salama kwa sababu hizo. Ukibadilisha betri, gia au kidhibiti, usalama huo hauhami pamoja na mtambo.

Kidhibiti kikijilinda, nani anamlinda mpita njia?

Vidhibiti vilivyotengenezwa vizuri vina ulinzi wa volti kuzidi: vikiona zimevuka kikomo, vinaiachia mota. Kidhibiti kinapona. Lakini mota iliyoachiwa haishiki tena breki, na toroli la kilo 200 sasa liko huru katikati ya mteremko, katika mahali ambapo watu wanapita bega kwa bega. Kwenye karakana, hitilafu hii ni usumbufu. Pale Warwick Junction ni mguu wa mtu. Jambo hili pekee linatosha kulifanya suala la umeme unaorudi liache kuwa suala la bei ya kidhibiti.

Asiye eTafuleni, shirika lisilo la kiserikali lililoanzishwa Durban mwaka 2008 na ambalo limefanya kazi na wachuuzi wa Warwick, liliwahi kushughulikia usanifu wa matoroli ya waokota makaratasi wa jiji hilo. Kazi ya namna hiyo ni ushahidi kwamba toroli ni chombo kinachohitaji kusanifiwa kwa ajili ya mtu anayelisukuma na mtaa linamopita. Mota ikiingia, breki ya chuma inayoshikwa kwa mkono au kukanyagwa kwa mguu haiwezi kuondolewa kwa kisingizio kwamba mota inafunga breki. Breki ya umeme hudhoofika mwendo ukikaribia sifuri, haishiki toroli lililoegeshwa, na hutoweka kidhibiti kikizimika. Inafaa kupunguza mwendo, na breki ya chuma isimamishe na kushikilia.

Swichi ya dharura nayo huwekwa vibaya mara nyingi. Wazo la kwanza ni kuiweka kati ya betri na kidhibiti, ili ikibonyezwa kila kitu kizimike. Kama toroli linateremka wakati huo, kubonyeza swichi ni kumwondoa mpokeaji, sawasawa na bodi ya betri iliyokata. Kwa hiyo bodi ya rezista ya breki iunganishwe upande wa kidhibiti wa swichi hiyo, kwa nyaya fupi, na isipitie plagi wala fyuzi inayoweza kuachana nayo. Swichi ya dharura iamuru kwanza kidhibiti kiache kuvuta, na breki ya chuma ishike. Kukata betri kufuate. Fyuzi ya betri ikiungua mlimani, au waya wa betri ukilegea kwa mitikisiko ya barabara, rezista itakuwepo.

Kinachobaki ni kupima, na mita ya kawaida ni nzito mno kuuona mruko wa elfu chache za sekunde. Mita yenye kitufe cha kukumbuka kiwango cha juu ni bora kidogo, na osiloskopu, chombo kinachochora volti kwa wakati, ndicho kinachosema ukweli wote. Vipimo vichukuliwe kwenye vituo vya kidhibiti chenyewe, si kwenye betri, kuanzia mzigo mwepesi na mwendo mdogo, kisha kuongeza hatua kwa hatua huku mtu mwingine akiwa kwenye breki ya chuma. Na jaribio la mteremko lifanywe betri ikiwa imetoka kwenye chaja muda huohuo. Betri iliyopungua itameza kila kitu na kukuonyesha volti tulivu, hata kama waya wa rezista haujaunganishwa.